Rangi ya Ngozi Kwenye Filamu: Yanayotokea Kabla Mtazamaji Hajakasirika

Ugomvi mwingi kuhusu rangi za watu kwenye filamu huanzia katikati. Mmoja anadai mhusika mweusi kadhalilishwa. Mwingine anaapa hakuona udhalilishaji wowote. Wa tatu analalamika kwamba huyo mhusika mwenyewe hakumwona vizuri, maana uso wake ulikuwa giza tupu toka mwanzo hadi mwisho. Wote wametoka ukumbi mmoja, wametazama filamu ile ile. Ukiwasikiliza bila haraka utakuta kila mmoja ana mada yake: wa kwanza anazungumzia hadithi, wa pili anamtetea mwongozaji, wa tatu anazungumzia taa. Huyu wa tatu ndiye hukatizwa upesi, na mara nyingi ndiye aliyeshika chanzo.

Sisi tunaowasha taa, tunaorekebisha rangi na kuongoza mijadala baada ya maonyesho tumezoea kuanzia kwake. Uso hadi ufike kwenye skrini umepita mikono mingi: ya aliyechagua mwigizaji, aliyempaka poda, aliyeweka taa, aliyepima mwanga, aliyekaa kwenye mashine ya kurekebisha rangi, na mwisho kabisa kuna televisheni ya mtazamaji mwenyewe. Kila hatua inaweza kuutendea haki uso huo au kuuharibu, tena bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Nuru inayorudi

Kamera hupima nuru inayorudi kutoka kwenye kitu, basi. Vipimo vyake vimezoeshwa kutafuta kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Ngozi ya Mzungu mweupe hurudisha karibu asilimia 36, yaani stopu moja juu ya kijivu hicho. Ngozi ya maji ya kunde hukaa karibu na kijivu chenyewe au chini yake kidogo. Ngozi nyeusi ti hurudisha chini ya asilimia 10. Stopu moja ni nuru maradufu, kwa hiyo watu wawili waliokaa kochi moja, mmoja mweupe pe na mwingine mweusi ti, hutofautiana kwa stopu mbili hivi chini ya taa moja. Kamera nzuri za siku hizi zinabeba stopu 13 au 14 kati ya weusi kabisa na weupe kabisa, hivyo tofauti hiyo zinaimudu bila taabu. Anayeshindwa ni mtu aliyepima uso mmoja akadhani amepima nyuso zote.

Kuna jambo huwashangaza wengi wanapoliona kwa mara ya kwanza. Kwenye vektaskopu, chombo kinachoonyesha rangi bila kujali mwangaza, ngozi za watu wote hujipanga karibu na mstari mmoja kati ya nyekundu na njano. Mswidi yupo pale, Mhindi yupo pale, Msenegali yupo pale pale. Wanachotofautiana ni mwangaza na ukolezi wa rangi. Fundi anayejua hili hana sababu ya kumtoa mtu mweusi akiwa na uso wa kijani au wa majivu, kisha asingizie kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupiga.

Dai hilo la ugumu lina historia yake. Filamu za kimya za mwanzo zilipigwa kwa ukanda usiohisi rangi nyekundu. Nyuso za Wazungu zenye wekundu zilitoka na mabaka meusi, ndiyo maana waigizaji wa wakati ule walipakwa poda nyeupe nzito kama chokaa. Katika miaka ya 1920 ukaenea ukanda wa pankromatiki, unaohisi rangi zote. Rangi kamili zilipoenea baadaye, maabara za picha zilizotumia mitambo ya Kodak zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo iliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha mwanzoni. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa, na wengine wote wafuate. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeichimba habari hii, alieleza kwamba waliosukuma kampuni iboreshe rangi za kahawia ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliochoka kuona bidhaa zao zote zikitoka na weusi mmoja. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo, mwongozaji wa Kifaransa Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliukataa ukanda wa Kodak akisema una ubaguzi.

Habari hii ina uzito ukumbini hata leo. Mtu ambaye katika picha ya darasa lake alitoka macho na meno tu, katikati ya wenzake walioonekana hadi vishikizo vya mashati, hawezi kuutazama uso uliozama gizani kwa moyo wa yule ambaye picha zote za utotoni zilimtoa vizuri. Wa kwanza anaona dharau ya zamani imerudi. Wa pili anaona mtindo.

Nyuso mbili, fremu moja

Chukua mandhari ya kawaida kabisa: wapenzi wawili mezani usiku, mwanamke mweusi ti, mwanamume mweupe, taa moja ya dari. Fundi asiye na uzoefu hupima mwanga kwa mwanamume kwa kuwa ndiye anayeonekana, akaridhika. Akiambiwa mwanamke haonekani, anafanya kosa la pili: anamwelekezea taa kali usoni, moja kwa moja kutoka mbele. Sasa paji la uso linameta, ncha ya pua inameta, mashavu yamebaki meusi vile vile, na uso mzima umepoteza umbo. Watu wanatazama kwenye monita wanasema, "Si unaona, ngozi hii inasumbua." Kilichosumbua ni udogo wa chanzo cha nuru.

Ngozi nyeusi hupata umbo lake kutokana na mng'ao zaidi kuliko kutokana na nuru inayotawanyika, kwa hiyo ukubwa wa chanzo una uzito kuliko ukali wake. Chukua ubao mweupe wa povu au kitambaa cheupe kilichowambwa, upana wa mita 1.2 au zaidi. Kisimamishe ubavuni mwa mwigizaji, kati ya nyuzi 60 na 90 kutoka kwenye mstari wa lenzi, kisha ipige taa kwenye ubao badala ya kuipiga usoni. Tazama shavu. Linauakisi ubao wenyewe: mstari laini unashuka kutoka mfupa wa shavu hadi kwenye taya, kope la juu linapata ukingo wake, mdomo unapata ujazo. Usogeze ubao karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Kila unapousogeza mbali unageuka kuwa chanzo kidogo, na mng'ao unajikusanya tena kuwa doa.

Upande wa mwanamume fanya kinyume. Weka neti au kitambaa cheusi kati yake na taa, umshushe stopu moja hivi. Wanaoanza kazi hulisahau hili kabisa. Hudhani kazi yote ni kumwongezea mweusi, ilhali kumpunguzia mweupe ni rahisi zaidi na hakuharibu hali ya usiku uliyoijenga. Kisha soma wefomu, grafu inayopima mwangaza wa picha kutoka sufuri ya weusi kabisa hadi mia ya weupe kabisa: upande wa uso wake ulioangazwa ukae kati ya asilimia 55 na 65, na wa mwanamke kati ya 35 na 45. Usijaribu kuwasawazisha. Mwanamke yule akipandishwa hadi 60 atakuwa mtu mwingine, na watazamaji wanaomfahamu mwigizaji watasema, kwa haki yao, kwamba kamera imemchubua.

Ukuta nao una kazi. Ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi huvuta macho na huidanganya kamera inayojipimia yenyewe. Itapunguza mwanga wa picha nzima na uso utazama. Ukuta wa kati, wa haradali, wa samawati iliyokolea au wa rangi ya zabibu, humtoa mtu mbele. Kama ukuta haubadiliki, mtoe mtu mita 2 mbele yake na umwekee taa ndogo nyuma ya bega kuchora ukingo wa kichwa. Kwa anayepiga kwa simu, gusa uso kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, halafu upandishe au ushushe mwanga kwa mkono. Zima kabisa ile programu ya kupendezesha nyuso. Nyingi hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe kwa pamoja, bila kukuuliza.

Ava Berkofsky, mpigapicha mkuu wa tamthilia ya Kimarekani ya Insecure, aliwahi kueleza hadharani mwaka 2017 anavyofanya: ngozi ipakwe kitu chenye kung'aa kidogo, nuru idundishwe kwenye mbao nyeupe, na kichujio cha polaraiza kizungushwe mbele ya lenzi kudhibiti mng'ao. Kichujio hicho kina mtego wake. Ukikizungusha hadi mwisho kinafuta mng'ao wote, na ngozi nyeusi isiyo na mng'ao hulala bapa. Zungusha mpaka doa la paji lififie, kisha rudi nyuma kidogo.

Ndiyo maana mpambaji anapaswa kuwa karibu na taa, si chumba cha pili. Poda nyingi za kukausha jasho zina madini meupe ambayo kwenye ngozi nyeusi hutoa ujivujivu, ule unaomfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Tumia karatasi za kunyonya mafuta, poda iwe kidogo na yenye wekundu au uchungwa ndani yake, na ijaribiwe chini ya taa zitakazotumika, maana poda iliyokubali dirishani hukataa chini ya taa ya umeme.

Kuna upambaji ambao hakuna poda ya kuusahihisha. Katika filamu ya Nina ya 2016, Zoe Saldana alitiwa weusi na kuwekewa pua ya bandia ili afanane na mwanamuziki Nina Simone. Mwaka 2020 alikiri hadharani kwamba hakupaswa kuichukua nafasi ile. Filamu ya Kihindi ya Bala, 2019, ilitaka kukemea chuki dhidi ya weusi, lakini Bhumi Pednekar alipakwa weusi ili acheze msichana anayebaguliwa kwa rangi yake. Waliolalamika hawakuwa na neno na ujumbe wa filamu. Swali lao lilikuwa: msichana mweusi wa kucheza nafasi ya msichana mweusi alikosekana?

Chumba cha rangi na sebule ya mtazamaji

Kwenye kurekebisha rangi, kosa kubwa ni la mtu mvivu: uso haukuangazwa, basi anapandisha mwangaza wa picha nzima. Vivuli vinageuka maziwa, chembechembe zinatokeza, ukolezi wa ngozi unaporomoka. Ikibidi kuokoa uso, uteue peke yake kwa barakoa, yaani umbo linalotenga sehemu moja ya picha, uupandishe kidogo tu, urudishie ukolezi uliopotea, na utazame kama nukta zake bado ziko karibu na ule mstari wa vektaskopu. Ikishapita robo tatu ya stopu hivi, ujue unachora uso mpya. Kazi ikifanywa kwa makusudi toka mwanzo, chumba hiki kina mengi ya kutoa: Moonlight, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2017, ilipewa sura tatu za rangi kwa sehemu zake tatu, kila moja ikiiga ukanda wa kampuni tofauti, Fuji, Agfa na Kodak. Ngozi za waigizaji weusi hazikuwa tatizo la kutatuliwa mle. Ndizo zilizoongoza uchaguzi.

Kwenye katuni hakuna jua wala taa ya kusingizia. Kila rangi imechaguliwa na mtu. Trela ya filamu ya Disney ya 2018, Ralph Breaks the Internet, ilipomwonyesha Binti Mfalme Tiana akiwa na ngozi nyepesi na pua nyembamba kuliko alivyokuwa katika filamu yake ya 2009, watazamaji waligutuka, Anika Noni Rose aliyempa sauti akazungumza na studio, na Tiana akachorwa upya kabla filamu haijatoka. Ni mfano mzuri wa lalamiko lililofika kwa wakati na kwa maneno mahususi: ngozi, pua, nywele.

Halafu kuna sebule. Skrini ya sinema hung'aa kwa niti 48 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini) katika chumba chenye giza. Televisheni ya kawaida husawazishwa kwa niti 100, lakini iko kwenye chumba chenye dirisha, na mara nyingi imeachwa na mipangilio ya dukani ya rangi kali inayokandamiza vivuli. Huduma za kutazama mtandaoni nazo hubana data, na giza ndilo hubanwa zaidi, hivyo uso mweusi wa mandhari ya usiku hukatika miraba miraba. Mtu aliyetazama kwa simu kando ya dirisha anaposema "hawakumwonyesha", na mwenzake wa ukumbini anasema "picha nzuri ajabu", wote wanasema kweli. Kabla hamjarushiana maneno ulizaneni mlitazamia wapi. Weka televisheni kwenye mpangilio wa sinema, zima kitu chochote kinachojibadilishia mwanga chenyewe, funga pazia.

Rangi ya picha nzima pia husema jambo kuhusu watu. Katika filamu ya Traffic ya mwaka 2000, Meksiko ilitiwa unjano mkavu huku sehemu za Marekani zikiachwa na rangi nyingine. Mle ilikuwa njia ya kumsaidia mtazamaji asipotee kati ya hadithi tatu. Lakini imeigwa mno, hadi nchi za joto zikawa na jua la aina moja tu kwenye sinema, la vumbi na hatari. Ukitaka kuona mbinu inavyofanya kazi, zima sauti na uangalie ndege ya mhusika inapotua: anga inabadilika rangi ndani ya sekunde mbili, hata kabla mtu hajasema yuko wapi.

Nani anapewa nini

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa ndipo watu wanapopajua. Kanuni za Hays, miiko ya studio kuhusu yanayoruhusiwa kwenye filamu, zilizotungwa Hollywood mwaka 1930 na kushikiliwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe, na katazo hilo liliondolewa 1956. Hofu ya aina hiyo hiyo iliwagusa wengine. Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China, alinyimwa nafasi ya mke katika The Good Earth ya 1937 kwa kuwa mume alichezwa na Paul Muni, Mzungu aliyepambwa awe Mchina. Nafasi ikaenda kwa Luise Rainer, Mzungu pia, naye akapata Oscar. Kanuni imekufa, lakini tabia ilizoeleka: mpaka leo ukihesabu mabusu utaona yanavyogawanywa.

Na filamu ikiwa na waigizaji weusi watupu, ngazi bado ipo. Mpenzi huwa ni maji ya kunde, mama mkali huwa mweusi, mchekeshaji mnene huwa mweusi zaidi. In the Heights ya 2021 ilisifiwa kwa kuwapa Walatino nafasi zote kuu, kisha wakazi wa mtaa ule ule wa New York wakauliza wako wapi jamaa zao weusi katika nafasi hizo. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wake, aliomba radhi. Mhakiki Manohla Dargis alipendekeza mwaka 2016 kipimo alichokipa jina la mwongozaji Ava DuVernay: je, wahusika wasio Wazungu wana maisha yao kamili, au wapo kupamba hadithi ya Wazungu? Ni kipimo kizuri kwa sababu hakihesabu vichwa. Muulize mhusika: ana jina? Analala wapi? Ana kazi nje ya kumsaidia shujaa? Akifa, kuna anayemlilia, au kamera inahama?

Kwa nini hawakubaliani

Frantz Fanon, mwandishi mweusi na daktari wa akili kutoka Martinique, aliligusa hili mwaka 1952. Kijana wa Antili, visiwa vya Karibi, akitazama Tarzan kwao, alisema, hujiona upande wa Tarzan dhidi ya weusi wa msituni. Akiitazama filamu hiyo hiyo Ulaya, wenzake ukumbini wanamweka moja kwa moja kwenye fungu la "washenzi" wa kwenye skrini, naye hana pa kujificha. Filamu haijabadilika hata fremu moja. Waliokaa jirani yake ndio wamebadilika. Anayeandaa maonyesho asiposhika hili hataelewa kwa nini mjadala uliokwenda vizuri kwa kundi moja unavunjika kwa lingine.

Filamu ya The Color Purple ya 1985 ni somo jingine. Iliteuliwa kwa Oscar 11 na haikupata hata moja. Wanaume wengi weusi wa Marekani waliona imewachora kama wakatili, wakaandamana. Jacqueline Bobo alipowahoji wanawake weusi kwa utafiti wake, alikuta wengi waliipenda, walijiona ndani yake, na walijua fika malalamiko yale. Hawakuwa wamedanganywa. Walikuwa wameamua kuchukua kilichowafaa na kuacha kingine, na mjadala unaowataka wachague upande mmoja huwapoteza.

Tofauti nyingine hutokana na mahali mtu anaposimamia. Tamthilia ya kihistoria ya Netflix kuhusu Kleopatra, 2023, ilimpa Adele James, Mwingereza mwenye asili mchanganyiko, nafasi ya malkia. Wengine Marekani waliona ni mlango umefunguliwa. Misri, mamlaka ya mambo ya kale ilitoka hadharani kusema Kleopatra alikuwa na ngozi nyepesi na sura ya Kiyunani, na wananchi wengi waliona wageni wanaichezea historia yao. Ukiwaweka wote kwenye fungu la "wanaochukia weusi" umekosea, na ukisema hakuna aliyechukia weusi umekosea vile vile. Trela ya filamu ya nguva ya Disney, The Little Mermaid, Septemba 2022, ilivuna matusi ya wazi kwa Halle Bailey, mwigizaji mweusi aliyecheza nguva huyo, na pia malalamiko ya kawaida kwamba picha za chini ya maji zilikuwa na giza. Wabaguzi walijificha nyuma ya lalamiko la giza, na waliolalamikia giza kwa nia njema wakaitwa wabaguzi. Wakati huohuo video za watoto wa kike weusi wakiruka kwa furaha mbele ya televisheni zilisambaa duniani. Hao hawakuwa na muda wa kupima mwanga.

Unapoongoza mjadala, watu 15 hadi 25 wanatosha. Kwanza wape dakika 5 waandike kimya, kabla mwenye sauti kubwa hajawapangia mawazo. Kisha rudia kipande cha dakika 2 au 3 bila sauti, na swali liwe moja: unaona nini? Anayesema "ubaguzi" mrudishe kwa upole kwenye kilichomo ndani ya fremu: nani yuko mbele, nani hana umakini wa lenzi, nuru imemwangukia nani, nani anaguswa, nani anaongea na kwa muda gani. Mpe mtu mmoja saa ya kuhesabia. Raundi ya pili ndiyo ya kusema ulivyojisikia, na hapo hakuna kupingana. Mtu habishiwi maumivu yake. Maana na nia ya mwongozaji zije mwisho. Zikija mwanzo, zinameza kila kitu, watu watagombania kilichomo moyoni mwa mtu ambaye hayupo.

Mambo mawili huharibu kila mara. La kwanza, mtu mweusi pekee chumbani kugeuziwa macho awasemee weusi wote. Zuia kwa kumwita wa tatu au wa nne, kamwe si wa kwanza, na kwa kumruhusu apite bila kutoa sababu. La pili ni kicheko. Mchekeshaji mweusi wa Marekani Dave Chappelle alieleza mwaka 2006 jinsi kicheko cha mtu mmoja kwenye seti, wakati wa kurekodi mchezo wa kupaka uso weusi, kilivyomfanya ashuku kama watu wanacheka naye au wanamcheka. Ukumbini, andika dakika ambayo watu walicheka na upande gani wa ukumbi ulicheka. Baadaye rudia kipande hicho na waulize waliokaa kimya kwanza.

Watoto wanahitaji mpango wao. Mwaka 1933 Ruth Peterson na L. L. Thurstone walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wanafunzi wa Crystal Lake, Illinois, filamu ya 1915, The Birth of a Nation, iliyowachora weusi kama wanyama na kulitukuza kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan. Mitazamo ya wanafunzi kuhusu weusi iliharibika, na miezi 5 baadaye sehemu kubwa ya uharibifu huo ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo filamu ya aina hiyo, hata ikionyeshwa kama historia, isionyeshwe nzima kwa watoto halafu ikaachwa hewani hadi wiki ijayo. Kata vipande vya dakika 5, zungumza kila baada ya kipande, na katika kikao hicho hicho onyesha kazi nyingine ambamo watu wa rangi ile wana majina, nyumba na makosa ya kawaida. Filamu za kupongeza mno hazisaidii hapa. Mtoto anajua mtu asiye na kosa hayupo, na wa kwenye skrini akiwa hivyo hatamchukulia kama mtu.